Pazia Juu ya Macho: Uhalisia Pepe, Matumizi Yake na Nafasi ya Fasihi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Walikusudia kuwa jicho huona kila kipitacho mbele yake, mwenyewe apende asipende. Pengine haikuwajia kamwe kwamba ingefika siku ambapo binadamu angejifunga pazia juu ya macho yake kwa hiari, si kwa nia ya kutoona, bali kwa nia ya kuona yasiyokuwepo. Hicho ndicho kiini cha teknolojia iitwayo uhalisia pepe. Mtu huvaa kifaa mfano wa miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili. Chumba alichomo hutoweka na badala yake huja bonde, sitaha ya meli, chumba cha upasuaji au mji uliokwisha kuwa magofu. Akigeuza shingo, mandhari nayo hugeuka. Akiinama, huiona ardhi iliyo chini ya miguu yake. Mwili ungali chumbani, ila fikira zimekwisha kuhama.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya teknolojia hii, jinsi inavyofanya kazi na matumizi yake makuu. Aidha, yanadadisi suala ambalo kwa kawaida huachwa nje ya vitabu vya ufundi: je, teknolojia hii inamletea jambo gani jipya msomi wa fasihi, ambaye tangu jadi kazi yake ni kuyachunguza yasiyokuwepo yanaposimuliwa kana kwamba yapo?

Jina na Utata Wake

Istilahi hii imeundwa kwa maneno mawili, na kila moja lina historia yake. Neno "pepe" limezoeleka katika Kiswahili cha leo kupitia barua pepe, yaani barua isiyohitaji karatasi wala stempu. Anayelisikia husikia ndani yake upepo, kupepea na hata pepo, mambo yanayohisika lakini hayashikiki mkononi. Hata hivyo, mkulima wa mpunga analijua neno hilo hilo kwa maana nyingine. Kwake yeye, pepe ni punje yenye ganda lisilo na kiini. Ikiwa ingali shambani hudhaniwa kuwa chakula; ungo ndio hutoboa siri yake. Maana hizi mbili, ile ya upepo na ile ya ganda tupu, zinafaa kuwekwa akilini, kwa kuwa mjadala mzima kuhusu teknolojia hii unaweza kupimwa kwazo.

Neno "uhalisia" nalo si geni kwa mwanafunzi wa fasihi. Katika darasa la nadharia, uhalisia ni mtazamo uliopata nguvu barani Ulaya katika karne ya 19, uliodai kuyasawiri maisha jinsi yalivyo. Baadaye wahakiki wa Kiswahili wakazungumzia uhalisia wa kihakiki, uhalisia wa kijamaa na uhalisiajabu. Mwanafunzi anayekutana na "uhalisia pepe" kwa mara ya kwanza, si ajabu akadhani ni tapo jingine la riwaya.

Ajabu ni kwamba dhana hiyo haiko mbali sana na ukweli. Antonin Artaud, mwandishi na mwigizaji wa Ufaransa, aliitumia ibara hiyo kwa Kifaransa katika kitabu chake Le Théâtre et son double kilichochapishwa mwaka 1938. Aliitumia kuelezea ulimwengu wa jukwaani, ambamo wahusika, vitu na taswira huwa na uhai wa namna yake. Takriban nusu karne baadaye, katika miaka ya 1980, Jaron Lanier wa kampuni ya VPL Research nchini Marekani ndiye aliyeieneza ibara hiyo kwa maana ya kiteknolojia inayojulikana leo. Kwa hivyo, jina hili lilikuwa mali ya tamthilia kabla ya kuwa mali ya tarakilishi. Mwanafasihi anapolijadili haingilii shamba la wenyewe, anarejea kwao.

Safari Ndefu

Haba na haba hujaza kibaba, na teknolojia hii haikuzuka kwa siku moja. Mnamo mwaka 1838, Mwingereza Charles Wheatstone alieleza mbele ya wanasayansi wa London kifaa cha vioo kilichoonyesha michoro miwili iliyotofautiana kidogo, kila jicho na wake. Ubongo uliiunganisha ikawa taswira moja yenye kina. Ugunduzi huo ungali msingi wa kila miwani ya uhalisia pepe inayotengenezwa leo. Mwaka 1929, Edwin Link wa Marekani alibuni chombo cha kuwafunza marubani wakiwa ardhini, na marubani wengi wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia walipitia humo kabla ya kupaa.

Mtengenezaji filamu Morton Heilig alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1962 alipata hataza ya mashine aliyoiita Sensorama. Mtazamaji aliketi, akaingiza kichwa ndani ya kasha, akaona picha yenye kina huku kiti kikitikisika, upepo ukimpuliza na harufu zikimjia puani. Heilig hakupata mfadhili wa kuiendeleza kazi yake. Mwaka 1968, Ivan Sutherland wa Chuo Kikuu cha Harvard, akishirikiana na wanafunzi wake, aliunda kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichounganishwa na tarakilishi. Aliyekivaa aliona umbo la mistari mitupu likielea hewani, na alipokizungusha kichwa, umbo hilo lilibaki mahali pake kana kwamba ni kitu halisi. Mtambo wenyewe uliunganishwa na nguzo iliyoning'inia kutoka darini, ndiyo sababu ukapewa jina la utani la upanga wa Damocles.

Majaribio ya kuifikisha teknolojia hii sokoni yalikuwa na pandashuka nyingi. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ilitoa kifaa cha michezo kilichoitwa Virtual Boy, kilichoonyesha rangi nyekundu tu juu ya weusi. Wanunuzi walilalamika kwamba kiliwaumiza kichwa na macho, na kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimeondolewa katika soko la Japani. Mageuzi makubwa yalikuja kwa mlango usiotarajiwa, nao ni simu ya mkononi. Viwanda vya simu vilipoanza kuunda mamilioni ya skrini ndogo zenye picha safi pamoja na vihisi vya kutambua mwendo, bei ya vipuri hivyo ilishuka. Mwaka 2012 kijana Palmer Luckey aliomba michango ya umma ili kuunda miwani aliyoiita Oculus Rift. Mwaka 2014 kampuni ya Facebook iliinunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2. Mwaka huo huo Google ilitoa kasha la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, ambalo mtu angeweza kulipachika simu yake na kutazama. Kasha hilo liliacha kuuzwa na Google mwaka 2021, lakini ramani ya kulitengeneza ilikwisha wekwa wazi kwa umma.

Jinsi Inavyofanya Kazi

Siri ya teknolojia hii ni kuzidanganya hisi kwa ustadi. Mosi, kila jicho huonyeshwa picha yake, kama alivyoonyesha Wheatstone. Pili, vihisi vilivyomo ndani ya kifaa hupima kila mwelekeo wa kichwa, nayo tarakilishi huchora upya mandhari kulingana na mwendo huo. Miwani iliyotoka mwaka 2016, kama Oculus Rift na HTC Vive, ilichora picha 90 kwa kila sekunde. Wataalamu wanakubaliana kwamba muda kati ya kichwa kugeuka na picha kubadilika unapaswa kuwa wa takriban sehemu 20 kati ya 1,000 za sekunde. Ukizidi sana, ubongo huugundua udanganyifu. Tatu, sauti hupangwa ili itokee upande inakostahili kutokea; mbwa akibweka nyuma ya mtazamaji, mtazamaji hugeuka.

Hisi hizo zikikubaliana, hutokea hali ambayo watafiti huiita kuwepo: mtu anajua fika kwamba yumo chumbani, lakini mwili wake unatenda kana kwamba yuko kwingine. Akionyeshwa genge, miguu husita. Zisipokubaliana, mambo huenda kombo. Macho yakisema mwili unakimbia, ilhali sikio la ndani, ambalo ndilo mizani ya mwili, linasema mwili umetulia, mtu hupatwa na kisunzi na kichefuchefu kama abiria wa mashua katika bahari chafu.

Ni vyema pia kuitofautisha teknolojia hii na ndugu yake wa karibu, ambaye haufichi ulimwengu halisi bali huuongezea picha juu yake. Mchezo wa Pokémon Go uliovuma duniani mwaka 2016 ni mfano wa huyo ndugu: mchezaji aliiona barabara yake ya kila siku kwenye simu, lakini barabarani mkasimama kiumbe asiyekuwepo.

Matumizi ya Tiba na Mafunzo

Wengi huihusisha teknolojia hii na michezo ya vijana, lakini manufaa yake makubwa yanapatikana kwingine. Katika mafunzo ya udaktari, kosa la mwanagenzi linaweza kugharimu uhai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2002 matokeo ya jaribio lililowahusisha madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo. Nusu yao walifanya mazoezi ya uhalisia pepe kabla ya kuingia katika chumba cha upasuaji. Hao waliimaliza sehemu ya kazi iliyopimwa kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 29. Wale wasiopata mazoezi hayo walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi kibofu hicho au kuchoma sehemu isiyohusika.

Fauka ya hayo, teknolojia hii hutuliza maumivu. Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson walianza katika miaka ya 1990 kuwavisha miwani wagonjwa waliokuwa wameungua moto. Kusafishwa kwa vidonda vya moto ni mateso ambayo hata dawa kali haziyamalizi. Mgonjwa alizamishwa katika bonde la barafu liitwalo SnowWorld, akawa anarusha matonge ya theluji huku wauguzi wakikihudumia kidonda chake. Wagonjwa walieleza kwamba maumivu yalipungua. Sababu ni kwamba maumivu huhitaji kuzingatiwa. Fikira zikishughulishwa kwingine, maumivu hukosa mahali pa kukaa. Hapa uhalisia pepe si ganda tupu hata kidogo. Theluji ni ya uongo, lakini nafuu ni ya kweli.

Vivyo hivyo, mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha utafiti uliowasaidia watu wenye hofu ya mahali pa juu kwa kuwapandisha hatua kwa hatua kwenye roshani na madaraja ya kidijitali. Mbinu hiyo ilikuja kutumiwa pia kwa askari wa Marekani waliorejea kutoka vitani wakiwa na majeraha ya akili.

Urithi: Funzo la Kasubi

Mfano unaowagusa zaidi watu wa Afrika Mashariki ni ule wa Makaburi ya Kasubi, yaliyo juu ya kilima mjini Kampala. Hapo ndipo walipozikwa Kabaka wanne wa Buganda: Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 ikiwa kasri, ikageuka kuwa makaburi mwaka 1884, nayo UNESCO ikaiorodhesha katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwaka 2009 shirika la CyArk liliipima nyumba hiyo kwa mianzi ya leza na kuunda nakala yake ya kidijitali. Mnamo tarehe 16 Machi, 2010, moto uliiteketeza.

Nakala ilibaki. Mtu aliyeko mbali anaweza kuiona nyumba ambayo haiko tena jinsi ilivyokuwa kabla ya moto. Ni nani atakayesema kwamba hilo si jambo la thamani? Hata hivyo, inafaa kuuliza nakala hiyo ilihifadhi nini hasa. Ilihifadhi kimo, upana na mduara wa paa. Haikuhifadhi mikono ya watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa mujibu wa mila za Buganda ndio wenye jukumu la kuezeka nyasi. Wala haikuhifadhi miiko inayowabana wakati wa kazi hiyo, wala heshima anayokuwa nayo mtu avuapo viatu mlangoni. Nyumba ilipojengwa upya, vipimo peke yake visingetosha. Walihitajika wajuzi waliorithi kazi hiyo. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Funzo ni kwamba picha na ujuzi ni pacha: mmoja akikosekana, mwenzake hulemaa.

Pwani nako kazi kama hiyo imefanyika. Mradi uitwao Zamani, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2004 na kupewa jina la Kiswahili, umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara pamoja na majengo ya Lamu. Umuhimu wa kazi ya aina hii ulidhihirika tarehe 25 Desemba, 2020, wakati sehemu ya Beit al-Ajaib mjini Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka. Mawe ya matumbawe hayasubiri kamati ikutane.

Machozi ya Mtazamaji

Upande wa pili wa sarafu unaonekana katika habari na misaada. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitoa filamu ya uhalisia pepe, Clouds Over Sidra, iliyoongozwa na Gabo Arora na Chris Milk. Inamwonyesha msichana Msiria wa umri wa miaka 12 katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, nchini Jordan. Ilionyeshwa kwa wakuu wa serikali na mabepari waliokutana Davos. Milk aliieleza teknolojia hii kuwa ni mashine ya kuzalisha huruma.

Kauli hiyo inahitaji kupepetwa. Ni kweli kwamba mtu aliyeketi sakafuni na familia ya mkimbizi, japo kwa kidijitali, huguswa kuliko aliyesoma takwimu. Lakini mtazamaji huyo ana uhuru ambao Sidra hana: anaweza kuivua miwani. Aidha, Sidra anatazamwa, ila yeye hamwoni anayemtazama. Mwezi Oktoba 2017, Mark Zuckerberg alionekana katika video akizuru Puerto Rico iliyokuwa imeharibiwa na kimbunga, yeye akiwa katika umbo la kikatuni lenye uso wa furaha huku nyuma yake maji ya gharika yakionekana. Watu wengi walikasirika, naye akaomba radhi. Teknolojia ilikuwa imemfikisha mahali pa msiba bila kumfikisha kwenye msiba. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na miwani, hata iwe bora namna gani, haina kunguni.

Fanani na Mashine

Hapa ndipo mwanafasihi anapohitajika. Jamii za Waswahili zimekuwa na njia zao za kuwahamisha watu kutoka mahali walipo. Bibi anapoanza ngano kwa kuita "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", mlango wa ulimwengu mwingine umefunguliwa, na wote wameafikiana kuuingia. Hapana umeme wala lenzi. Fanani hutaja zimwi, na kila mtoto huliumba zimwi lake kwa hofu zake mwenyewe. Katika kundi la watoto kumi, mna mazimwi kumi. Vilevile Fumo Liyongo wa tendi: hakuna aijuaye sura yake, ndiyo sababu kila kizazi kimeweza kumwona upya.

Uhalisia pepe hufanya kinyume. Humpa kila mtazamaji zimwi lile lile, lililokwisha kuchorwa meno na kucha. Ubunifu uliokuwa kazi ya hadhira huwa kazi ya mhandisi. Hii haimaanishi kwamba chombo hiki hakifai. Inamaanisha kwamba kina gharama, na gharama hiyo si ya fedha pekee. Ya fedha nayo ipo: miwani ya Apple Vision Pro ilitoka mwaka 2024 kwa bei ya dola 3,499, na hata ile ya Meta Quest 3, iliyotoka mwaka 2023, ilianza kwa dola 499. Mwanafunzi anayekopa nauli hawezi kuizungumzia kama kitu cha nyumbani. Isitoshe, fanani huwatazama wasikilizaji ili ajue kama wamesinzia, ilhali mashine inaweza kupima mwendo wa kichwa, mikono na hata macho, na taarifa hizo zikabaki mikononi mwa kampuni. Hadhira yake, pasipo kufahamu, hugeuka kuwa bidhaa.

Swali kubwa zaidi ni la umiliki wa masimulizi. Teknolojia isiposimuliwa kwa Kiswahili, itawasimulia Waswahili kwa lugha nyingine. Lugha hii haijashindwa kupokea mageni. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Wasomi wamebishana kwa miaka mingi iwapo waseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na ubishi huo ulikuwa dalili ya uhai. Kinachosikitisha ni pale ambapo istilahi zinabuniwa, zinapangwa katika faharasa, kisha hakuna anayezitungia hadithi, tamthilia wala mchezo wa kidijitali. Istilahi isiyotumiwa nayo ni pepe kwa maana ya mkulima.

Hitimisho

Imebainika kwamba uhalisia pepe ni matokeo ya kazi ya karibu karne mbili, kwamba unaweza kumfunza daktari, kumtuliza mgonjwa na kuutunza urithi, na kwamba unaweza pia kumpa mtazamaji machozi ya bei rahisi na kuunyima ubongo kazi yake ya kubuni. Haustahili kuabudiwa wala kuogopwa. Unastahili kutiwa katika ungo na kupepetwa, penye kiini pabaki na penye ganda pachukuliwe na upepo.

Kazi hiyo ya kupepeta haitafanywa na wahandisi peke yao. Watahitajika wanaojua tofauti kati ya kumwona mtu na kumjua, kati ya kupima paa na kujua nani aliezeke. Hao ni wanafunzi wa lugha na fasihi. Mji wa Kilwa Kisiwani ukisha kupimwa jiwe kwa jiwe, bado atahitajika mtu wa kuutia sauti: mwadhini msikitini, wachuuzi sokoni, mama akimwita mwanawe jioni. Sauti hizo zikitoka katika lugha isiyokuwa ya mji huo, magofu yatakuwa yamesimama tena bila wenyewe.